Kuziba njia ya vimelea kutoka kwa ng'ombe mwenye mimba hadi kwa ndama

Ndama wa siku tatu mwenye homa na ufizi mweupe hakuumwa na kupe wa banda lako. Ndigana baridi, ugonjwa wa damu uletwao na kupe, kwa kawaida huchukua wiki tatu au zaidi tangu kupe aume hadi dalili zionekane, basi ndama huyo alizaliwa nayo. Hesabu hiyo ya siku ndiyo kazi yenyewe. Kila kimelea kina wakati wake wa kupita kutoka kwa mama, na dawa au kipimo kinachokuja nje ya wakati huo ni pesa iliyotupwa Bahari ya Hindi.

Kwa mfugaji wa Mombasa, awe Kisauni, Likoni au Changamwe, anayefungia ng'ombe wawili watatu uani, wa kuwajua kwanza ni wawili: neospora, inayopita kwenye kondo la nyuma mimba ikiwa bado tumboni, na minyoo ya toksokara, inayosubiri maziwa. Vimelea vya damu vinafuata baadaye.

Neospora

Ni kimelea cha chembe moja. Kilionekana kwanza kwa mbwa huko Norway mwaka 1984, kikapewa jina mwaka 1988. Mbwa akila kondo, kijusi au nyama mbichi yenye kimelea, hutoa mayai kwenye kinyesi chake. Mayai hayo hukomaa kwa siku moja hadi tatu, kisha ng'ombe huyameza pamoja na majani au maji. Kimelea hujificha kwenye ubongo na misuli ya ng'ombe maisha yake yote bila kumwumiza. Akipata mimba, kinga yake hulegea kidogo ili asimkatae ndama, na hapo kimelea huamka, huingia kwenye damu na kuvuka kondo.

Matokeo hutegemea umri wa mimba. Miezi ya mwanzo kijusi hufa na pengine hunyonywa na mwili, nawe utaona tu kwamba ng'ombe amerudi kutaka dume. Mwezi wa tano au wa sita ndipo mimba nyingi hutupwa. Miezi ya mwisho ndama ameshajijengea kinga yake, kwa hiyo huzaliwa mzima wa sura, ananyonya vizuri, na kimelea kimo ndani. Wachache huzaliwa wadogo, miguu ya nyuma imekakamaa au hawawezi kusimama.

Huyu mzima wa sura ndiye hatari zaidi. Akiwa jike utamfuga, atakuwa mtamba, atazaa, naye atampa mwanawe. Mama mwenye neospora huwapitishia wengi wa ndama wake, mimba baada ya mimba. Ng'ombe mmoja hamwambukizi jirani yake horini, kwa hiyo kumtenga hakusaidii kitu. Hakuna dawa iliyothibitishwa kumwondolea, wala chanjo ya kutegemea. Anayekuuzia sindano ya "kusafisha kizazi" kwa ajili ya neospora anakuuzia maji.

Kupima ndama kabla ya dang'a

Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili. Ndama huzaliwa damu yake ikiwa tupu, akipata kinga kwa mara ya kwanza kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Basi damu iliyotolewa kabla hajanyonya, ikikutwa na kingamwili za neospora, amezitengeneza mwenyewe akiwa tumboni. Akishanyonya, kipimo kitasoma kingamwili za mama na hutajua ni za nani.

Hesabu siku 283 tangu kupandishwa, iwe kwa dume au kwa mrija wa mbegu. Aliyepandishwa tarehe 1 Machi mtarajie karibu na 9 Desemba. Panga na daktari wa mifugo wiki mbili kabla, awe tayari na chupa mbili zenye kifuniko chekundu, zile zisizo na dawa ya kuzuia damu kuganda. Ndama akizaliwa, mkaushe, mtenge na titi la mama, damu itolewe kama mililita 5 kwenye mshipa wa shingo, na mililita 10 kwa mama. Chupa zisimame kivulini saa mbili tatu damu igande, ndipo ziwekwe kwenye barafu. Usigandishe damu nzima kwenye friza, seli zitapasuka na sampuli itaharibika. Maabara ya uchunguzi wa mifugo ya kanda iko Mariakani. Uliza kwanza wanapima nini wiki hiyo kabla hujabeba chupa.

Kisha mpe dang'a mara moja. Ndama wa kilo 25 apate lita 2 hadi 2.5 ndani ya saa mbili za mwanzo, na kiasi kama hicho kabla ya saa 12 kutimia. Ikiwa daktari hajafika ndani ya saa moja, sahau kipimo, mnyonyeshe. Ndama aliyekosa dang'a atakufa kwa kuhara kabla neospora haijamfanya lolote. Kipimo kitafanyika akipita miezi sita, kingamwili za mama zikishakwisha.

Mimba ikitupwa

Kadiria umri wake kwa macho: kijusi cha miezi minne ni kama paka mdogo, mitano ni paka mkubwa, sita ni mbwa mdogo. Andika.

Vaa glavu na viatu vya mpira kabla ya kugusa. Neospora haijulikani kumwuguza binadamu, lakini kwa macho huwezi kuitofautisha na brusela au homa ya Bonde la Ufa, ambazo zote humpata mtu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, usipasue wala kuchinja chochote. Mpigie afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kijusi kizima na kipande cha kondo viwekwe kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko kinachobana, barafu juu na chini. Barafu ya wauza samaki inatosha kabisa. Kinachotafutwa zaidi ni ubongo, na kwa joto la Mombasa ubongo wa kijusi huwa uji kwa saa chache. Kijusi kilichotupwa usiku ukakiona asubuhi bado kipeleke, kwa sababu moyo na ini husaidia pia. Daktari akichukua vipande vya kuhifadhi kwenye formalini, iwe sehemu moja ya nyama kwa kumi za formalini ya asilimia 10. Damu ya mama itolewe siku hiyo hiyo.

Jibu la damu ya mama pekee halihukumu. Ng'ombe anaweza kuwa na neospora na akatupa mimba kwa sababu nyingine. Ukiwa na ng'ombe kadhaa, pima pia wale wasiotupa, ulinganishe.

Mbwa

Wengi hapa husema, "Sisi hatufugi mbwa." Hiyo si kinga. Mbwakoko huja usiku kwa ajili ya jalala, hukuta kondo limetupwa nyuma ya banda, na kesho yake huacha kinyesi juu ya matete uliyoyarundika nje. Ukiokota kondo la kila ng'ombe mara linapotoka, umefanya zaidi ya nusu ya kazi. Kwa kawaida hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24 ni la daktari.

Kulifukia kuna tabu yake, kwani kisiwani na sehemu nyingi za pwani, jembe hugonga jiwe la matumbawe kabla shimo halijafika magotini. Shimo likiwa fupi, mwaga chokaa, funika kwa udongo, kisha ulaze jiwe zito ambalo mbwa hawezi kulisukuma. La sivyo, choma hadi liwe majivu. Majani na mashudu ya nazi yawekwe juu ya uchaga au ndani ya pipa lenye kifuniko, na birika la maji liinuliwe kutoka sakafuni.

Toksokara

Hii haipiti kwenye kondo, ndiyo maana wengi huikosa. Mabuu hulala mwilini mwa mama, huamka karibu na kuzaa, huelekea kiweleni na kutoka na maziwa, hasa wiki ya kwanza na ya pili. Ndama wa wiki tatu huanza kutoa mayai ya minyoo. Utamwona na kitambi, kinyesi cheupe kama udongo chenye harufu kali, na pengine mnyoo mweupe wa sentimita 30 ukining'inia.

Kumpa mama dawa hakuyafikii mabuu yaliyolala, na kumnyima ndama dang'a ni kumwua kwa njia nyingine. Mpe ndama dawa kati ya siku ya 10 na ya 16, wakati mabuu yamekwisha kuingia utumboni lakini hayajataga. Levamisoli ni miligramu 7.5 kwa kilo. Ndama wa kilo 25 anahitaji miligramu 187.5, sawa na mililita 12.5 za dawa ya kunywa ya asilimia 1.5. Soma asilimia kwenye chupa yako, zinatofautiana, na mpime ndama kwa mizani au utepe wa kifua, kwani levamisoli iliyozidi huleta mate na mtetemeko. Pairanteli pia hufanya kazi na haina ukali huo.

Jambo la pembeni lakini lina madhara: albendazoli isipewe ng'ombe katika siku 45 za mwanzo za mimba, huharibu kijusi.

Vimelea vya damu

Ng'ombe aliyenunuliwa pande za Shimba Hills, ambako kuna mbung'o, apimwe nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, kabla ya kupandishwa. Tripanosoma, vimelea vya nagana, huweza kuvuka kondo, na hata zisipovuka, homa humfanya atupe mimba. Ndigana kali (East Coast fever) hutupisha mimba kwa homa namna hiyo hiyo, ila ni nadra kimelea chenyewe kumfikia ndama. Ndigana baridi ndiyo hupita zaidi, ingawa mdudu wake kwa kweli ni bakteria. Kwa hizi chukua damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, pamoja na tone kwenye kioo kutoka mshipa wa sikio.

Mwisho, mitamba. Aliyepimwa kabla ya dang'a akakutwa na neospora, mnenepeshe umpeleke machinjioni. Usimpeleke sokoni Mariakani kama mtamba wa kuzalisha, kwa kuwa anayemnunua atakuwa ananunua mimba zitakazotupwa. Mama yake, kama anatoa maziwa mazuri, mwache akamuliwe, mpandishe kwa dume wa nyama, na ndama wake wote, majike kwa madume, waende buchani.