Kundi la kusikilizana lisigeuzwe soko: mwongozo kwa APS na kamati za mitaa Bukavu

Mwongozo huu ni wa APS (wahudumu wa msaada wa kisaikolojia na kijamii), wa mama wanaoongoza nyumba za kusikiliza, na wa kamati za parokia au za mtaa huko Kadutu, Bagira, Panzi na kwingineko, ambao huombwa ukumbi na mtu anayeleta "mafunzo ya kuponya kiwewe" bila malipo. Wengi wanaokuja hivyo ni watu wa kazi. Wachache huja na karatasi za maswali, zoezi la kupumua, na katoni ya vidonge imebaki ndani ya gari.

Vifaa vyenyewe havina kosa. Kosa liko katika saa ambayo bei inatajwa. Mtu akishalia mbele ya wenzake, akishataja jina la mtoto aliyempoteza, ni vigumu amwambie hapana yule aliyemsikiliza kwa upole. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana hatangazi bei mlangoni. Kazi yenu basi ni kutenganisha vitu vitatu: kusikilizana, pesa na karatasi.

Kabla ya kutoa ufunguo

Ulizeni maswali matatu na mjibiwe kwa maandishi. Nani anawalipa wakufunzi? Fomu zilizojazwa zitakaa kwa nani? Siku ya mwisho kutafanyika nini?

Hilo la tatu ndilo huchuja. Anayefuata PM+ (mafunzo ya kukabili matatizo na msongo) ya OMS, Shirika la Afya Duniani, ile ya mtu mmoja mmoja, hatababaika: vipindi vitano, kimoja kila wiki, dakika 90 kila kimoja, na cha tano ni cha kurudia yaliyofunzwa na kupanga namna ya kubaki salama. Kitabu chake kilitolewa mwaka 2016 na hakiuzwi. Mwingine atajibu kwamba siku ya mwisho kuna "fursa", na kila mmoja aje na rafiki wawili. Huyo msimpe ukumbi, hata kama ameahidi fanta na biskuti kwa watu wote.

Karatasi ya maswali

Inayoweza kutumika vibaya ni PHQ-9, karatasi ya kuchuja unyogovu (dépression). Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Alama 5, 10, 15 na 20 ni mipaka ya unyogovu mdogo, wa kati, wa kati uliozidi, na mkali. Ni kipimo cha kuchuja, siyo cha kutoa hukumu: alama 12 inasema mtu huyu aongee na muuguzi au mwanasaikolojia, basi. Haisemi "damu yako imechafuka". Pia ni ya bure, haihitaji ruhusa ya mtu. Anayedai dola kumi za "testi" aseme wazi kwamba analipisha muda wake.

Mtego wa muuzaji unaanzia hapa. Watu hukubali kupimwa wakiwa katika wiki mbaya kuliko zote. Baada ya mwezi, wengi wao alama zitakuwa zimeshuka kidogo hata bila kupewa chochote, kwa sababu wiki mbaya nazo hupita. Muuzaji aliyewapa chai ya majani katikati atainua karatasi mbili mbele ya kundi: 17 imekuwa 11! Mkiona karatasi ya kwanza na ya pili zinaonyeshwa hadharani, ombeni na za wale waliopimwa bila kununua. Hana.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri linataka mtu aulizwe kwa faragha siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe kwenye kituo cha afya au SOSAME, hospitali ya afya ya akili ya Bukavu. Kwa hiyo anayegawa karatasi hizo kwa watu arobaini kisha akazikusanya bila kuzisoma amekwisha kuwadhuru, hata kabla hajauza kitu.

Namna ya kuzitunza: juu ya fomu andikeni namba tu, mfano K-07. Majina na simu viwe kwenye daftari lingine, ndani ya kabati la kufuli, chini ya mtu mmoja. Hakuna kupiga fomu picha kwa simu. Mgeni asiondoke na orodha ya mahudhurio. Orodha hiyo ndiyo mali anayoitafuta, kwa maana ina namba za watu thelathini ambao ameshajua wanaumia wapi. Hata makampuni makubwa yameangukia hapo: mwaka 2023 FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda wateja, iliituhumu BetterHelp, inayotoa ushauri wa kisaikolojia kwa intaneti, kwamba ilipeleka taarifa za afya za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo, na ikaagizwa ilipe dola milioni 7.8. Kwetu Kongo, Code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali) ya 13 Machi 2023 inalinda taarifa binafsi, na kifungu cha 73 cha Code pénal (sheria ya adhabu) kinamwadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa kazi yake. Bandikeni hayo mawili ukutani.

Ushuhuda

Kanisani, ushuhuda una nafasi yake. Ndani ya kundi la kusikilizana, msiruhusu mtu aombwe ushuhuda wa kusifu dawa, mkufunzi au biashara. Kanuni za chama cha wanasaikolojia cha Marekani zinakataza kabisa kumwomba ushuhuda mtu ambaye bado yuko katika matibabu, na sababu ni rahisi: hawezi kukataa kwa uhuru. Video ikishatoka kwenye WhatsApp, hairudi.

Maneno ya kutegea sikio

Katika biashara za kuingiza watu chini yako, msamiati wa uponyaji hufanya kazi moja mahususi: kuzima malalamiko. Mama aliyelipa dola 50 na kuona hasara anaambiwa ana "kizuizi cha ndani", "fikra za umaskini", "kiwewe kinachoogopa mafanikio". Deni linageuzwa ugonjwa wake. Mjibuni kwa hesabu. Kila mtu akiingiza watano: 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Ngazi ya tisa inataka watu karibu milioni mbili, na mji utakuwa umeisha. Wazee wanaoikumbuka Bindo, mchezo wa kuzalisha pesa ulioanguka mwanzo wa miaka ya 1990, hawahitaji kuelezwa.

Msichanganye hiyo na AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kwenye AVEC pesa ni za wanachama wenyewe, kwa kawaida watu 15 hadi 25, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko mnagawana. Kundi la kusikilizana laweza kuzaa AVEC bila tatizo. Ila siku ziwe tofauti, na APS asiwe mshika sanduku: atamsikilizaje kesho mtu anayemdai leo?

Kama imeshatokea

Msianze na lawama. Aibu huwafanya watu wafiche hasara na kuendelea kulipa. Mwiteni kila mmoja peke yake. Swali la kwanza lisiwe la pesa bali la dawa: je, kuna aliyeambiwa aache vidonge vya hospitali? Mgonjwa wa kifafa akiacha ghafla phénobarbital, dawa ya kuzuia degedege, anaweza kupata degedege zisizokoma, na kwa vidonge vya ugonjwa wa akili hatari ni kurudiwa na ugonjwa. Huyo arudi kwa muuguzi wake leo, na kile alichouziwa akipeleke kikiwa ndani ya chupa yake.

Kisha daini fomu zote kwa barua yenye tarehe, nakala moja ibaki kwenye kamati. Kwenye kundi la WhatsApp, mwondoeni mgeni kwenye usimamizi kabla ya kumtoa. Mkianza kwa kelele, atawahi kuwatoa ninyi na kubaki na watu.