"There is" au "there are"?

"Kuna" yetu haijali idadi: kuna kiti, kuna viti. Kiingereza kinajali. Kiti kimoja ni "There is a chair". Vikizidi kimoja, "There are chairs". Visivyohesabika, kama maji, sukari, hata "furniture", vinabaki na "is" hata vikijaa nyumba nzima. Ukitaja vitu kwa mfululizo, kwa kawaida cha kwanza ndicho kinachoamua: "There is a bed and two chairs in the room."

Ila kinachowaponza wengi, naona, ni kuchanganya "kuna" na "kipo". "Kuna kitabu mezani" unamwambia mtu ambaye hakuwa na habari nacho: "There is a book on the table." Akiwa anatafuta kitabu chake, unamjibu "Kipo mezani", na hapo "there is" haina kazi: "It is on the table."

Na tafadhali, "In the room have two beds" si Kiingereza, ingawa "chumbani mna vitanda viwili" inakushawishi useme hivyo. Sema "There are two beds in the room." Kuuliza, geuza tu: "Is there a toilet here?"