CD pleya ya bei nafuu: namna ya kuchuja maneno ya wanaozitumia na kuipima mwenyewe kabla hujatoa hela

Wadau, hii ni kwa mtu anayetaka CD pleya ya nyumbani, ile ya kukaa yenyewe na kuungwa kwenye amplifaya, na bajeti yake ni ya kawaida tu. Najua bado mko wengi, kuna watu wana makabati yamejaa CD za taarab, za rhumba, za kwaya, za mawaidha, na nyingine hazipo popote mtandaoni, zikiharibika ndo basi tena. Sasa mtu anaanza kuulizia, anapewa maneno ya kila aina, huyu anasema hii inapiga vizuri sana, yule anasema hiyo ni bomu, unabaki unashangaa nani mkweli.

Mimi msimamo wangu ni huu: kwenye mashine za bei nafuu sauti zinakaribiana sana, kinachozitenganisha ni uimara. Ila ukimuuliza mtu kuhusu CD pleya yake atakuongelea sauti nusu saa nzima na uimara dakika moja, kwahiyo inabidi wewe ndo uyageuze mazungumzo.

Kwanza angalia unamuuliza nani. Aliyeinunua mwezi uliopita bado ana furaha nayo, huyo msikilize kuhusu rimoti na muonekano tu. Anayekuuzia naye ndo usiseme. Unayemtaka ni yule aliyekaa nayo miaka na bado anaipiga, na hata yule iliyomfia, maana huyo atakwambia ilianzaje kufa. Usimuulize "ni nzuri?", kila mtu atasema ni nzuri. Muulize inapigwa mara ngapi kwa wiki, imeshafunguliwa na fundi au bado, ilibadilishwa nini, CD za kuchoma inazisoma au inachagua, trei inatoka mara ya kwanza au mpaka uigonge, ikikaa imewashwa saa nzima inaanza kuruka au inatulia. Mtu mmoja akilalamika inaweza kuwa bahati yake mbaya, lakini wakisema watu watatu wanne wasiojuana kwamba trei inasumbua, hapo shika hilo.

Kuhusu sauti sasa. CD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1982 na mpaka leo kipimo cha sauti iliyoandikwa kwa namba kwenye diski ni kilekile, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo mashine yoyote nzima inatoa kila kitu sikio la binadamu linaweza kusikia. Ndo maana mtu akikwambia CD pleya yake ina besi nzito muulize spika zake ni zipi na amplifaya gani, mara nyingi sifa anazoipa pleya ni za spika. Utasikia pia watu wanasema Marantz ina sauti laini na Yamaha inachomoza juu, sikatai, mtu na masikio yake, lakini ukizilinganisha dukani hakikisha volyumu iko sawa kabisa, kwasababu inayotoka kwa sauti kubwa kidogo tu sikio litaipenda, hata kama ni mashine ileile. CD pleya nyingi zinatoa sauti yenye nguvu ya volti 2 hivi kwenye matundu ya nyuma, nyingine chini ya hapo, na muuzaji mjanja anajua kukuongezea pale anapotaka uridhike. Nyumbani sogeza spika mbali na kona, ziweke usawa wa masikio, utaona tofauti kubwa kuliko kubadilisha pleya.

Na tafadhali sana, nyaya za nyekundu na nyeupe chomeka kwenye AUX au CD, usichomeke PHONO. PHONO ni ya santuri, inakuza sauti mno na kuipandisha besi, ukiweka CD hapo itapasuka na utasema mashine mbovu wakati ni nzima. Kuna watu wanalalamika hivyo kabisa na shida ni tundu tu.

Tuje kwenye kuipima, hapa ndo usiwe na haraka. Ukienda Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi au popote wanapouza used, nenda na CD zako mwenyewe, usikubali ya muuzaji, ile anajua inasoma. Beba moja orijino isiyo na mikwaruzo na iwe ndefu, inayokaribia dakika 74, beba moja ya kuchoma, na moja yenye mikwaruzo ya kawaida. Weka ile ndefu, hesabu kichwani inachukua muda gani kuonyesha idadi ya nyimbo, sekunde chache ni sawa, ikihangaika na kuzunguka halafu ikasimama halafu ikajaribu tena, hiyo lenzi imechoka au chafu. Ikishasoma ruka moja kwa moja mpaka wimbo wa mwisho, kisha rudi wa kwanza, rudia. CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje na mota inabadili mwendo, ndani inazunguka kama mara 500 kwa dakika na nje kama 200, kwahiyo kurukaruka hivyo kunapima mota, reli na lenzi kwa pamoja. Kuna mashine zinapiga nyimbo nne za kwanza vizuri kabisa halafu za mwisho zinaanza kukatakata, na muuzaji siku zote anakuonyesha za kwanza.

Halafu weka ya kuchoma. Hizi zinarudisha mwanga kidogo kuliko orijino, kwahiyo leza iliyoanza kudhoofika inazikataa mapema. Ikisoma orijino ikakataa ya kuchoma, jaribu ya kuchoma nyingine kwanza maana nyingine zenyewe ni mbovu, ikikataa zote mbili uliza muuzaji atakupunguzia kiasi gani cha kununulia lenzi mpya, au achana nayo. Mashine za zamani sana nazo hazikutengenezwa kwa CD za kuchoma, hizo usizihukumu kwa hilo pekee.

Iache ipige, kaa hapo, kunywa soda, ongea na watu. Zipo zinazoruka baada ya kupata moto tu.

Trei: fungua funga mara nyingi mfululizo. Ikisita, ikilia krrr, ikitoka nusu, mara nyingi ni kimkanda kidogo cha mpira ndani kimelegea au kimekauka, hii ni shida ya bei ndogo na isikutishe, itumie kushusha bei. Ila mkanda uwekwe wa saizi yake, sio mpira wa kufungia hela, ule unakaa wiki kadhaa unakatika ukiwa umekumezea CD ndani.

Kama muuzaji anaruhusu kufungua kifuniko, fungua. Utaona lenzi yenyewe, ndogo kama punje ya dengu, imekaa juu ya kitu cha plastiki kinachoteleza kwenye reli mbili. Ukiwasha bila CD unatakiwa kuiona inapanda na kushuka kidogo mara kadhaa ikitafuta diski, isipofanya hivyo kuna tatizo. Angalia kwa pembeni, usiweke jicho juu yake, mwanga wa leza ya CD ni nanomita 780, huuoni vizuri lakini jicho linaupata. Lenzi iwe inang'aa kibluu, ikiwa na ukungu ni uchafu au imeshasuguliwa na mtu kwa nguvu. Pembeni ya leza kwa nyingi kuna kiskrubu kidogo sana, ukiona kina alama za bisibisi ujue kuna fundi ameshaongeza nguvu ya leza ili ionekane nzima, na leza ikishasukumwa hivyo haiendi mbali. Hiyo usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Usisahau umeme. Mashine zilizotoka Japani moja kwa moja ni za volti 100, za Marekani ni 120, na kwetu Tanzania ni 230, Kenya 240. Soma kibandiko nyuma, usiulize, soma. Ya volti 100 ukiichomeka ukutani inaungua palepale, itabidi uwe na transfoma ya kushusha. CD pleya haili umeme mwingi kwahiyo transfoma ndogo inatosha, lakini iingize kwenye hesabu yako. Na kwa umeme huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, chomoa ukimaliza, kuzima kwa rimoti hakujaitenga na ukuta.

Sisi wa pwani tuna unyevu na chumvi, wa bara wana vumbi, vyote vinaenda kwenye lenzi. Ukiitoa chumba chenye AC kali ukaipeleka sebuleni kwenye joto lenzi inapata jasho, ikikataa kusoma usiipige, iache saa moja mbili ikauke. Kuisafisha tumia pamba ya masikioni na alkoholi ya isopropili kidogo mno, paka kwa kugusa tu bila kukandamiza, maana imeshikiliwa na vijiwaya vyembamba sana. Sio mate, sio manukato, na spiriti ya bluu ya kidonda acha, inaacha rangi. Zile CD za kusafishia zenye brashi zinatoa vumbi jepesi, leza iliyokufa haifufuki kwa brashi.

Mtu atauliza, kwani deki ya DVD haitoshi? Inatosha kwa wengi, kweli kabisa, sauti inatoka safi. Kero yake ni kwamba nyingi hazina kioo cha kuonyesha namba ya wimbo, unalazimika kuwasha TV. Na zina leza mbili, ya DVD na ya CD, moja inaweza kufa nyingine ikabaki, ndo maana unakuta deki inaonyesha filamu vizuri ila CD haisomi. Ijaribu kwa CD, sio kwa filamu.

Kwa wanaotafuta za kisasa kidogo, Yamaha CD-S300 ina tundu la USB mbele kwa wenye flashi, Marantz CD5005 haina USB ila ina tundu la hedifoni lenye kirekebisha sauti chake, Denon DCD-520AE ni ya kawaida isiyo na mambo mengi na hilo mimi naliona ni zuri. Lakini used ni used, jina zuri lenye lenzi iliyochoka linashindwa na jina dogo lenye lenzi nzima.

Ukishafika nayo nyumbani, angalia na CD zenyewe. Futa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Na upande wa picha ndo wa kuogopa zaidi, data imekaa chini kidogo tu ya ile rangi, mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukaisha, wa juu umeondoka na muziki.

La mwisho, siku ukiwa umeifungua nakili namba iliyoandikwa kwenye kile kitu cha plastiki kilichobeba lenzi, mfano KSS-213C au SF-P101N, hizo zimewekwa kwenye mashine nyingi sana na bado zinapatikana madukani, za kuigiza zikiwemo. Siku ikichoka unampa fundi namba badala ya kumwachia mashine wiki mbili atafute, na mwambie kwenye lenzi mpya nyingi kuna kitone cha risasi ya kulehemu kimeunganishwa kuilinda na umeme tuli, akikisahau kukitoa baada ya kuchomeka utepe wake wa nyaya pleya haitasoma chochote na atakwambia lenzi uliyoleta ni mbovu.