SOMO: Jinsi ya kuweka shairi au hadithi yako mtandaoni bila kulala na hofu ya kuibiwa

Wiki hii watu sita wameniandikia faraghani swali lile lile: "Nikiweka maandishi yangu, si watayaiba?" Nimemjibu kila mmoja kivyake na sasa nimechoka. Naandika yote hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Hofu hii haiondoki kwa kuambiwa "jipe moyo". Inaondoka siku unapokuwa na ushahidi mkononi kwamba maneno ni yako. Mwaka 2017 nilitunga shairi la msiba wa jirani yetu mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, nikalituma katika kundi la WhatsApp la familia bila jina. Miezi miwili baadaye nilikuwa kwenye msiba mwingine, mtaa wa Bagira, nikalisikia likisomwa, na msomaji akapongezwa kwamba anajua kutunga. Sikuwa na daftari wala tarehe, na simu niliyoliandikia ilikuwa imeshaibwa. Nilinyamaza. Kisha kwa miaka mitatu sikumwonyesha mtu mstari hata mmoja. Niliyoyaandika miaka ile ndiyo mabovu kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyeyasoma akaniambia hapa umekosea.

Sheria, kwa ufupi. Sheria ya Kongo namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inampa mwandishi haki juu ya kazi yake kwa sababu tu ameitunga. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi yetu imo, unasema haki hiyo haidai kusajiliwa popote, na inadumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kwa hiyo haki unayo tayari. Unachokosa ni namna ya kuonyesha kwamba wewe ndiye uliyetangulia.

Hatua ya 1. Maliza kuandika.

Hatua ya 2. Tia tarehe juu ya kila ukurasa wa daftari na usichane rasimu mbovu. Mistari uliyoikata ni mashahidi wako wakubwa. Anayenakili huwa na nakala safi tu.

Hatua ya 3. Kabla ya mtu yeyote kuona, jitumie kwa barua pepe: maandishi yenyewe na picha za daftari. Tarehe ya simu unaweza kuibadilisha kwa kidole, lakini ile ya barua pepe inaandikwa na kompyuta iliyoipokea. Mtumie pia msomaji mmoja unayemwamini, ili nakala nyingine yenye tarehe ikae kwa mtu mwingine.

Hatua ya 4. Tia jina na mwaka ndani ya maandishi. Ujumbe ukisambazwa WhatsApp, jina la aliyeutuma kwanza halisafiri nao. Hilo ndilo lililonipata mimi. Sidhani hata kama yule wa Bagira alikusudia kuiba. Shairi lilimfikia likiwa yatima.

Hatua ya 5. Amua kiasi. Shairi weka lote. Riwaya weka sura moja au mbili. Sababu si wizi tu: mashindano mengi na wachapishaji wengi hupokea tu kazi ambayo haijawahi kutolewa popote, na wako wanaohesabu ukurasa wako wa Facebook kuwa umeshaitoa. Soma masharti yao kwanza.

Hatua ya 6. Anza kwenye ukurasa wako mwenyewe, ndipo upeleke kiungo kwenye makundi. Ukigundua kosa, hariri, usifute ukaweka upya. Facebook inatunza historia ya marekebisho. Ukifuta, unapoteza tarehe yako ya kwanza pamoja na maoni ya watu walioshuhudia. Kama una blogu, bandika kiungo chake kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, ili ukurasa uhifadhiwe na tarehe yake.

Hatua ya 7. Ukiona kinachofanana na chako, LINGANISHA KABLA HUJASEMA NENO.

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipomuumiza mtu. Nilipoanza tena kuandika hadharani, niliweka hadithi ya mvuvi wa Ziwa Kivu aliyeoa mwanamke aliyetoka majini. Wiki chache baadaye binti mmoja mwanafunzi akaweka hadithi ya mvuvi na mwanamke wa majini. Damu ilinipanda. Sikusoma hata nusu. Nilimwandikia "mwizi" mbele ya watu wote, na marafiki zangu wakaingia nyuma yangu, kila mmoja na jiwe lake. Usiku ule alifunga ukurasa. Kesho yake mama yake akanipigia simu, hana hasira, ananiuliza tu: "Mwanangu alisimuliwa na bibi yake kule kisiwani Idjwi akiwa mtoto. Wewe ulisimuliwa na nani?" Na mimi pia nilisimuliwa na bibi. Niliweka hadithi mbili kando kwa kando, na hapakuwa na sentensi hata moja inayofanana. Niliomba radhi palepale nilipomtukania, kisha nikaenda kwao nyumbani. Walinipokea vizuri. Lakini binti hajaweka kitu tena mpaka leo, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Kwa hiyo mnielewe ninapokuwa mkali hapa:

Wazo halina mwenyewe. Mvuvi, ziwa, bibi harusi wa majini, kijana aliyekwenda mgodini asirudi, hayo ni ya wote. Sheria inalinda maneno uliyoyapanga wewe na namna ulivyoyapanga.

Chukua sentensi zako tatu ambazo mtu mwingine asingeziandika vile, uzitafute Google ndani ya alama za kunukuu. Zisipoonekana, tuliza hasira. Makundi yaliyofungwa hayatafutiki hivyo, kwa hiyo huko itabidi usome kwa macho yako mwanzo hadi mwisho.

Tafuta makosa yako. Kama uliandika neno vibaya na yeye ameliandika vibaya mahali palepale, huyo amenakili. Sadfa haikosei tahajia.

Usimtaje mtu jina hadharani kabla hujazungumza naye. Kamwe. Hata ukiwa na hakika.

Hatua ya 8. Ikiwa kweli ni maneno yako: kwanza piga picha za skrini zenye tarehe na kiungo, maana atafuta. Pili mwandikie faraghani kwa heshima, umwombe aweke jina lako au aondoe. Akikataa, Facebook wana fomu ya malalamiko ya haki ya mwandishi. Jaza ukiweka kiungo chako cha kwanza na chake. Uwe na subira.

Maswali yawekwe hapa chini, si faraghani.

MASWALI YA WANACHAMA

Bin_Kadutu: Mukubwa, miye naogopa sana. Nikiweka shairi yangu batu batakopia. Nifanye je?

Jibu: Soma hatua ya 2, ya 3 na ya 4.

Bin_Kadutu: Ni ndefu. Nipe kwa kifupi tu.

Jibu: Daftari lenye tarehe. Barua pepe. Jina ndani. Mtu anayeogopa kuibiwa shairi lake awe tayari kusoma ukurasa mmoja kwa ajili yake.

Faida_wa_Nguba: Yaya, aksanti kwa somo. Hatua ya 4 imenigusa ila sijaelewa. Jina nikiliweka chini mtu atalikata tu. "Ndani ya maandishi" ni namna gani, na halitaharibu shairi?

Jibu: Mdogo wangu, swali zuri. Malenga wa pwani walikuwa wanajitaja wenyewe katika beti za mwisho za utenzi, pengine na mwaka pia. Jina linakuwa sehemu ya mizani, yaani hesabu ya silabi. Nakutungia mfano:

Tamati naweka wazi
hii yangu mimi kazi
Bukavu ndiyo makazi
Faida nimeandika.

Kila mstari mizani nane. Akiondoa "Faida", mstari unabaki na mizani tano na sikio lolote litasikia pengo. Itabidi atafute jina la silabi tatu, na bado atabaki na Bukavu yako. Kwenye hadithi unaweza kumpa mhusika mdogo jina la mtaa wako, au kutaja kitu ambacho watu wa kwenu tu wanakijua. Ukijaribu ubeti wako uweke hapa tuuone.

Faida_wa_Nguba: Nitauweka jioni umeme ukirudi.

Juriste_Ibanda: Tuliosoma sheria tunajua barua pepe inaweza kughushiwa. Unawapa watu matumaini ya uongo.

Jibu: Sikusema barua pepe ni hukumu ya mahakama. Nimetaja daftari, barua pepe na msomaji. Moja ikitiliwa shaka, mbili zinabaki. Kama unajua njia bora ambayo mwanafunzi wa Panzi anaweza kuifuata bila wakili wala nauli ya Kinshasa, iandike hapa, nitaiongeza juu na kukushukuru.

Juriste_Ibanda: Naongeza basi: wasaini pia mbele ya shahidi kwenye daftari lenyewe, mwalimu au mchungaji, na tarehe kwa mkono wake.

Jibu: Hiyo nzuri. Asante kwa dhati. Watu waichukue.

Sauti_ya_Kamituga: Ni lazima nijiandikishe SOCODA kwanza?

Jibu: Hapana. SOCODA ni shirika la Kongo lililoanza 2011 kushika nafasi ya lile la zamani, SONECA; linakusanya na kugawa malipo ya waandishi na wanamuziki kazi zao zinapotumiwa. Kama una nyimbo zinazopigwa redioni, jiandikishe, itakufaa. Lakini haki ya kusema "hii ni yangu" haiwasubiri.

Mwana_Ziwa: Na Facebook yenyewe haichukui maandishi yetu? Nilisikia ukiweka tu inakuwa yao.

Jibu: Masharti yao yanasema unabaki mwenye mali, ila unawaruhusu kuitumia na kuionyesha bila kukulipa. Si sawa na kuwauzia.

Mwana_Ziwa: Na mashine za akili bandia?

Jibu: Kilichoachwa wazi zinaweza kukisoma, na sina kufuli ya kukupa. Kazi ambayo hilo litakuuma, iweke kwenye kundi lililofungwa au uisome kwa sauti mbele ya watu. Kuna maandishi yangu mawili ninayoyasoma kwa mdomo tu.

Nyota_77: nimeibiwa tayari jina lake ni

Jibu: Nimefuta sehemu ya pili ya ujumbe wako. Hatua ya 7. Tafadhali.

Mama_wa_Mapacha: Mwalimu, mimi sijui kuandika vizuri. Mama yangu ananisimulia hadithi kwa lugha ya Mashi, nami namrekodi kwenye simu. Nataka kuzitoa kwa Kiswahili. Zitakuwa za nani? Naogopa kuibiwa, na naogopa pia kuwa mwizi.

Jibu: Mama, hofu yako ya pili ni ya mtu mwaminifu. Hadithi yenyewe ni ya jamii. Usimulizi wako wa Kiswahili, maneno utakayoyachagua, ni wako. Na mama yako atajwe kila mara: "kama alivyosimulia mama" pamoja na jina lake na kijiji chake, ikiwa ameridhia. Muulize ridhaa yake kwa sauti mwanzoni mwa rekodi, ataje na tarehe. Hapo una kibali na ushahidi kwa pamoja. Usizifute hizo rekodi baada ya kutafsiri. Sauti yake ni kazi kubwa kuliko yangu na yako. Ukihitaji mtu wa kukusahihishia Kiswahili, niandikie faraghani, wewe nakuruhusu.

Mama_wa_Mapacha: Mungu akubariki. Simu imejaa lakini.

Jibu: Hamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha nakala kwa ndugu aliye mji mwingine.

Goma_Katindo: Kuhusu nakala naongeza. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulipoambiwa tuondoke mjini Goma niliacha daftari nne nyumbani. Njia nzima hadi Sake sikufikiria wezi, nilifikiria zile daftari. Nyumba ilipona, daftari zililowa. Wino wa kalamu ya maji ulifutika wote, wa biki ulibaki.

Jibu: Pole sana. Uliweza kuokoa ngapi?

Goma_Katindo: Mbili na nusu. Nilikausha kurasa kwenye kivuli, si juani, karatasi nyeupe katikati ya kila kurasa mbili. Sasa daftari zinakaa ndani ya mfuko wa plastiki, na kila Jumapili napiga picha kurasa za wiki.

Faida_wa_Nguba: Picha unapiga na taa au bila?

Goma_Katindo: Bila. Asubuhi, dirishani, daftari sakafuni, simu juu sawasawa. Taa ya simu inaacha doa jeupe katikati ya ukurasa na maneno hayasomeki.