Kutengeneza Nyufa Nyembamba za Lipu ya Zamani kwa Gharama Ndogo

Nyumba nyingi za zamani za Mbeya, Iringa na Mafinga zilijengwa kwa tofali za kuchoma zilizoshikizwa kwa udongo, kisha kuta zake zikapigwa lipu ya saruji. Tofali na udongo huvuta unyevu kipindi cha mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu hukauka na kusinyaa miezi ya kiangazi. Lipu iliyo ngumu kuliko ukuta wenyewe haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka nyufa nyembamba kama uzi. Nyufa za aina hiyo unaweza kuzitengeneza mwenyewe bila kubomoa lipu yote, mradi usianzie dukani.

Hatua ya kwanza ni kuuchunguza ukuta. Ninazungumzia hapa ufa ambao upana wake hauzidi milimita moja. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha na kuzidi kupanuka, au ule unaoonekana pande zote mbili za ukuta, mara nyingi hutokana na msingi uliotitia au linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) isiyotosha. Huo mwite fundi mwashi auangalie, kwa sababu puti, yaani kijazio laini cha ukutani, itauficha tu. Kwa nyufa nyembamba, chora alama fupi ya penseli pale ufa unapoishia kila upande, andika tarehe pembeni, kisha uache kwa wiki nne au zaidi. Ufa ukivuka alama, bado unatembea, na chochote utakachojaza kitapasuka tena. Subira hii haigharimu hata shilingi moja, nami naiona kuwa sehemu yenye faida kuliko zote katika kazi hii.

Wakati unasubiri, gonga lipu kwa mpini wa bisibisi ukifuata ufa polepole. Lipu iliyoshika hutoa mlio mfupi na mzito. Iliyoachia tofali husikika tupu, na ukiweka kiganja cha mkono wa pili karibu na unapogonga, utahisi ikitetemeka. Sehemu tupu ikizidi sentimita 20 hivi, ibandue na kuipiga lipu upya, maana kujaza ufa juu ya lipu iliyoachia ni kutupa fedha.

Hatua ya pili ni kuupanua ufa, jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu linaonekana kama kuharibu. Puti iliyopakwa juu ya ufa mwembamba haiingii ndani. Hukaa juu kama ngozi na kubanduka. Tumia kona ya kisu cha puti au ncha ya bisibisi kuukuu, ukikwangua hadi ufa uwe na upana wa milimita tatu hadi tano na kina kama hicho, ndani pakiwa papana kidogo kuliko nje ili kijazio kipate pa kushikia. Ukiona vumbi jekundu ujue umefika kwenye tofali, usiendelee. Rangi ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo lowanisha ukuta kabla ya kukwangua, funika pua na mdomo, na usiwaruhusu watoto kuwa karibu. Baada ya hapo toa vumbi lote kwa brashi kavu, kisha pitisha brashi yenye maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya kijazio kabla hakijashika, hasa pepo kavu za Agosti na Septemba zinapovuma.

Kijazio huchaguliwa kulingana na mahali. Kwa ndani pakavu, unga wa jipsamu unatosha; uliza kama duka linapima kwa kilo, kwa sababu nyufa za chumba kimoja hazimalizi mfuko. Mimina unga kwenye maji, usimimine maji kwenye unga, na uchanganye kidogo kidogo kwa kuwa hushika haraka. Kwa nje, bafuni na chini ya ukuta penye unyevu, jipsamu haifai. Changanya saruji sehemu moja, chokaa sehemu moja na mchanga laini uliochekechwa sehemu sita. Usitumie saruji tupu ukidhani ndiyo imara zaidi, kwani husinyaa sana na kuacha ufa mpya pembeni mwa ule wa zamani.

Sukuma kijazio ndani kwa kisu ukikatiza ufa, halafu pitisha kisu kufuata urefu wake. Ufa wa ndani uliozoea kurudi kila mwaka upake jipsamu nyembamba, ubandike kipande cha bandeji ya pamba ya duka la dawa, kisha upake tena juu yake. Kiraka cha saruji kinyunyizie maji kwa siku tatu.

Kijazio kikikauka hubonyea kidogo, hivyo paka mara ya pili kabla ya kusugua kwa msasa namba 120. Kipindi cha baridi, Juni na Julai, usiku wa Mbeya huchelewesha ukaukaji. Ngoja kiraka kiwe na rangi moja kote, na kile cha saruji kipe wiki mbili hadi nne. Anza na rangi ya maji iliyoongezwa maji kidogo, juu ya viraka pekee. Mkono wa mwisho upake ukuta mzima kutoka kona hadi kona, kwa sababu rangi mpya iliyopakwa kwenye kiraka tu huonekana hata ikiwa imetoka kopo lile lile.