Jinsi ya kuchora ramani ya madai ya Wazungu huko Nootka, 1774–1795

Nootka ni ghuba iliyo pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Vancouver, Kanada ya leo. Ramani nyingi za mada hii huharibika kwa sababu mchoraji amepaka rangi pwani nzima: nyekundu ya Uingereza, njano ya Uhispania. Wakati ule dai lilikuwa nukta, si eneo. Andaa ramani tupu yenye gridi, latitudo 42° hadi 60° Kaskazini, na jedwali la tarehe, nahodha, latitudo, longitudo na alichofanya.

1. Anza na wenyeji. Weka Yuquot, kijiji cha Wamowachaht kwenye ghuba ya Nootka, kabla ya meli yoyote. Mwaka 1778 mabaharia wa nahodha Mwingereza James Cook walipokwenda kukata majani ya mbuzi na kondoo wao, wenyeji walidai malipo, na wakalipwa. Ardhi ilikuwa na mwenyewe.

2. Sawazisha longitudo. Hapa ndipo wengi hukwama. Nahodha Mhispania Juan Pérez alihesabu longitudo kutoka bandari ya San Blas, Meksiko, kwa hiyo ongeza 105°17′ upate magharibi ya Greenwich. Kwa hesabu hiyo Nootka iko kama 21°. Ukiisoma kama ya Greenwich, Pérez anatia nanga Atlantiki, kusini-magharibi ya Ireland! Cook naye alihesabu kuelekea mashariki: 360 toa 233 ni 127° Magharibi. Pérez hakuwa na saa ya baharini ya kupimia longitudo, hivyo namba zikigongana, amini latitudo na umbo la pwani.

3. Sawazisha tarehe. Kwa Warusi wa karne ya 18, waliotumia kalenda ya zamani ya Juliasi, ongeza siku 11: Bering, nahodha aliyeitumikia Urusi, aliona nchi kavu Julai 16, 1741, yaani Julai 27 kwa kalenda ya sasa.

4. Tofautisha alama. Duara tupu: ameona tu. Duara lililojaa: ameshuka. Msalaba: amefanya tendo la kumiliki. Mraba: amejenga. Pérez, Agosti 1774, anapata duara tupu. Alifanya biashara na watu wa mitumbwi, kisha upepo ukamlazimisha kukata kamba ya nanga na kuondoka. Mhispania Bruno de Hezeta alishuka Point Grenville, pwani ya jimbo la Washington la leo, Julai 14, 1775, akatimiza ibada ya kumiliki, mpe msalaba. Mraba wa Wahispania pale Yuquot ni wa 1789 hadi 1795, tena wenye mapengo.

5. Mikataba iwe kwenye karatasi ya pili. Mkataba wa Uingereza na Uhispania wa Oktoba 28, 1790 haukuchora mpaka wowote Nootka. Mpaka wa 42° ni wa mkataba wa Uhispania na Marekani wa 1819, wa 49° ni wa mkataba wa Uingereza na Marekani wa 1846, usiirudishe nyuma.