Kuipa nguvu maikrofoni yenye sauti hafifu kwa priampu ya kati ya waya

Hapa Tabora wapo wanaorekodi kwaya, wapo wanaorekodi mawaidha na matangazo ya biashara, na wapo wale ninaowafikiria zaidi ninapoandika maelezo haya, yaani vijana wanaowafuata wazee majumbani ili wawasimulie kwa Kinyamwezi habari za Mtemi Mirambo, za misafara ya pwani na za ukoo wao. Mzee hapazi sauti anaposimulia. Huzungumza taratibu, hushusha sauti anapofika penye uzito, na mara nyingi maneno yenyewe ya thamani ndiyo anayoyatamka kwa sauti ya chini kabisa. Mrekodi huzungusha kitufe cha geini, yaani kiasi cha kuikuza sauti, mpaka mwisho, na anaposikiliza baadaye kwa hedifoni hukuta simulizi imezama ndani ya mvumo wa "shii" usiokatika.

Wengi wakifika hapo huambiwa wanunue maikrofoni ya kondensa, yaani ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi, kwa kuwa hiyo hutoa sauti kubwa zaidi. Ushauri huo unafaa studio iliyofunikwa kuta. Chumba cha kawaida chenye bati, sakafu ya saruji na kuta tupu ni jambo jingine, kwa sababu kondensa iliyowekwa mbali kidogo na msemaji itakuletea jogoo wa jirani, bodaboda ya barabarani na bati linaloalika jua linapotua. Kwa chumba cha namna hiyo ninashauri ubaki na maikrofoni ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme, inayowekwa karibu na mdomo, kisha ushughulikie udhaifu wake, ambao ni umeme mdogo mno inaoutoa. Shure SM58, kwa mfano, hutoa takriban milivolti 1.88 kwa sauti ya desibeli 94 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti na cha ukuzaji wake), na SM7B ya kampuni hiyo hiyo hutoa milivolti 1.12 tu, kiasi kwamba watengenezaji wenyewe wanashauri iunganishwe na kifaa chenye geini isiyopungua desibeli 60. Mzee anayezungumza kwa utulivu hafikii desibeli 94, kwa hiyo kinachosafiri ndani ya waya ni kidogo zaidi ya hapo.

Priampu ya kati ya waya ni kifaa kidogo cha chuma kinachokaa baina ya maikrofoni na miksa au kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta au simu. Huipokea sauti ile hafifu mapema, huikuza kwa transista zenye mvumo mdogo sana, kisha huipeleka mbele ikiwa na nguvu. Cloudlifter CL-1 huongeza hadi desibeli 25, FetHead ya Triton Audio huongeza takriban 27, na Dynamite DM1 ya sE Electronics huongeza 28. Desibeli 25 maana yake ni kwamba volti zinazotoka ni karibu mara 18 ya zile zilizoingia. Faida yake hutokana na ukweli kwamba mvumo wa hatua ya kwanza ya ukuzaji ndio unaotawala mvumo wa mfumo mzima, kwa maana kila hatua inayofuata huukuza pamoja na sauti. Hatua ya kwanza ikiwa safi, miksa haihitaji tena kufunguliwa mpaka mwisho, mahali ambapo miksa nyingi za bei nafuu huvuma vibaya.

Kabla hujatoa fedha yako, kwa kuwa bei ya kifaa hiki inaweza kukaribia bei ya maikrofoni yenyewe, fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni kusogeza maikrofoni. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa karibu desibeli 6, hivyo kuitoa maikrofoni sentimita 40 na kuileta sentimita 10 kutoka mdomoni hukupa desibeli 12, na kelele ya chumba haiongezeki hata chembe. Iweke pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja, na sauti ikizidi uzito kwa sababu ya ukaribu, punguza besi iliyo chini ya hezi 100. Nimeona watu wakihangaika na vifaa ilhali maikrofoni imesimama mezani, mbali na mzee kama mgeni asiyejulikana.

Jaribio la pili linakuonyesha mvumo unatoka wapi. Acha geini pale pale unapoiweka siku zote, rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika, kisha funga maikrofoni ndani ya blanketi zito, uiingize kabatini na urekodi tena bila kugusa kitufe chochote. Mvumo ukipungua sana, ulikuwa wa chumba: feni, friji, upepo kwenye miembe, watu wa nje. Priampu haitakusaidia hapo, kwani itaikuza kelele hiyo sambamba na sauti ya msemaji. Mvumo ukibaki vile vile, basi ni wa vifaa vyako, na hapo ndipo priampu ina kazi.

Hata hivyo, si kila kifaa kinaihitaji. Kadi ya Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ina geini ya desibeli 56, ambayo ni pungufu kwa SM7B; ile ya kizazi cha nne ina desibeli 69, na mwenye hiyo atanunua priampu bila kuona tofauti kubwa. Mwenye miksa ya zamani ya kanisani au ya ukumbini, ambayo mvumo hupanda ghafla kitufe kinapokaribia mwisho, ndiye atakayefurahi zaidi.

Jambo linalowakwamisha watu wengi ni umeme wa kukiendesha kifaa chenyewe. Priampu hizi hazina betri wala plagi ya ukutani. Hutumia umeme wa fantomu, yaani volti 48 ambazo miksa huzipeleka kupitia waya ule ule wa maikrofoni. Miksa huziweka kwenye pini namba 2 na namba 3 kwa kiwango sawa, kila moja kupitia rezista ya omu 6,800, na umeme hurudi kwa pini namba 1. Kwa hiyo ni lazima uwe na kitufe cha 48V na waya wenye plagi ya XLR ya pini tatu pande zote mbili. Nyaya nyingi zinazouzwa pamoja na maikrofoni za bei ya chini zina XLR upande wa maikrofoni na jeki nene ya milimita 6.35 upande wa miksa, na jeki hiyo haipati umeme wa fantomu. Ukiunganisha priampu kwa waya huo hutasikia kitu, wala kifaa hakijafa. Vilevile simu haina volti 48, hivyo anayerekodi kwa simu anahitaji kwanza kadi ya sauti yenye umeme wa fantomu, na kama kadi hiyo inalishwa na simu yenyewe, aipatie umeme wa ziada kutoka kwa pawabenki ikiwa ina tundu la kuupokelea.

Mwenye multimita aitumie, kwa kuwa kipimo kimoja humwokoa na ubishi mwingi. Chomeka waya kwenye miksa, washa fantomu, weka mita kwenye volti za DC, kisha ushike ile plagi ya upande wa maikrofoni yenye matundu matatu. Namba 1, 2 na 3 zimechorwa kwa maandishi madogo kando ya matundu. Ncha nyeusi iguse tundu la 1, nyekundu iguse la 2, usome. Halafu nyekundu ihamie la 3, usome tena. Vipimo vyote viwili vinatakiwa viwe kati ya volti 44 na 52, na vilingane. Kimoja kikisoma sifuri, uzi mmoja umekatika, na mara nyingi umekatika pale waya unapoingilia kwenye plagi, kwa kuwa ndipo unapokunjwa kila siku. Fundi redio atauchomea upya kwa muda mfupi. Vyote viwili vikisoma sifuri ilhali taa ya 48V inawaka, ushuku uzi wa pini namba 1. Waya wa namna hii huwashangaza watu kweli, kwa sababu maikrofoni ya dainamiki ikiunganishwa peke yake inaendelea kusikika kwa pini 2 na 3, pengine na mngurumo kidogo, lakini priampu ikiingizwa katikati sauti inakatika kabisa, na lawama zote zinaangukia kifaa kipya.

Vipimo vikiwa sawa, zima fantomu, shusha sauti ya spika na geini mpaka chini. Unganisha priampu upande wa maikrofoni, si upande wa miksa, ili sauti isafiri ikiwa tayari na nguvu kwenye waya mrefu. Zile zilizo nyembamba huchomekwa moja kwa moja kwenye mkia wa maikrofoni. Washa fantomu, subiri sekunde chache mpaka mlio wa kuwaka utulie, ndipo upandishe geini. Usianzie pale ulipoizoea. Mwombe msimulizi azungumze kama atakavyozungumza, asihesabu "moja, mbili, tatu", kwani watu huhesabu kwa sauti kubwa kuliko wanavyosimulia, kisha upandishe taratibu mpaka vilele vya sauti vifike karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha rekoda, ambapo sifuri ndiyo kikomo. Nafasi hiyo iliyobaki juu itahitajika mzee atakapocheka au kuigiza sauti ya mtemi.

Ikisikika ngurumo nzito ya umeme badala ya "shii", chanzo ni kingine. Chomoa chaja ya kompyuta na utumie betri yake. Zima inveta ya sola ikiwa ni ya bei nafuu. Na waya wa maikrofoni usilale sambamba na waya wa umeme, bali ukatize tu inapobidi.

Priampu za kawaida za aina hii haziupitishi umeme wa fantomu kwenda kwenye maikrofoni, kwa hiyo kondensa itakuwa bubu ukiifungia humo, ilhali maikrofoni za utepe (zenye utepe mwembamba wa chuma ndani) zisizotumia umeme zinafaa sana. Kumbuka pia kwamba kwenye miksa nyingi kitufe cha 48V ni kimoja kwa matundu yote, hivyo kabla ya kukibonyeza angalia kuna nini kingine kimechomekwa kwenye XLR za jirani, hasa maikrofoni kongwe ya utepe, ambayo inaweza kuungua iwapo waya uliounganishwa nayo una kasoro.

Mwisho ni suala la ngoma. Ngoma iliyopigwa karibu na maikrofoni inaweza kufika desibeli 130, na hapo SM58 peke yake hutoa takriban milivolti 118. Ukiongeza desibeli 25 unapata zaidi ya volti 2, ambazo kadi nyingi haziwezi kuzipokea hata geini ikiwa chini kabisa, na sauti itapasuka bila namna ya kuitengeneza baadaye. Simulizi likiisha na ngoma ikiletwa uwanjani, shusha sauti, zima fantomu, subiri sekunde chache, toa priampu, na uirudishe maikrofoni moja kwa moja kwenye waya.